TAHADHARI: Simu za bei chee zinazojifunga ukishafika nyumbani (Mbeya, Tunduma hadi Makambako)

Habari za majukumu ndugu zangu. Mimi ni fundi simu hapa Mwanjelwa, na tangu watu waanze kuuza mazao meza yangu imejaa ugonjwa wa aina moja. Simu nzima, kioo safi, chaji inakaa vizuri, ila ukiwasha kuna maandishi yamefunika kioo chote: deni halijalipwa, piga namba fulani. Mwenye simu anaapa hajawahi kukopa simu maishani mwake. Na kweli hajakopa. Aliyekopa ni yule aliyemuuzia, au mtu aliyeibiwa na huyo aliyemuuzia.

Simu za mkopo mnazijua. Unatoa kianzio, unakabidhiwa simu, unalipa kidogo kidogo kila siku. Ukichelewa wanaifunga kwa mbali, ukilipa inafunguka. Utaratibu wenyewe siupigi vita, umewapa simu janja watu ambao wasingeweza kutoa laki tatu kwa mkupuo. Balaa linaanzia kwa wanaotoa kianzio, wakabadili laini na kuyeyuka. Simu inapelekwa kwa mtu mwenye kompyuta, naye analizima lile kufuli. Sikilizeni vizuri hapo: analizima, haliondoi. Simu hiyo bado imeandikishwa kwa aliyeikopesha. Siku itakapopata sasisho, au ukiiriseti na kuiunganisha na intaneti, inauliza huko inakotambulika, inajibiwa kuwa inadaiwa, na kufuli linarudi palepale.

Wanaoziuza ni mawinga, yaani madalali wa mkononi wasio na duka. Wanakaa karibu na stendi, wanazunguka Kabwe, wengine wanatangaza Facebook halafu wanakuita mkutane barabarani. Mteja wanayempenda ni msafiri, mtu wa Kyela, Chunya au Tunduma ambaye gari lake linakaribia kuondoka. Kijana mmoja wa Ubaruku, katoka kuuza mpunga, aliambiwa hivi: "Kaka, humu njiani usiwashe data, kuna programu zitajisasisha zikumalizie bando." Akaona kapata muuzaji mwenye utu. Usiku kwao alipowasha data, simu ikajifunga.

Sasa kuna jambo linalowapoteza hata wajanja. Wengi mnajua kubonyeza *#06# ili kupata IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kisha kuituma kwa ujumbe kwenda 15090. Endeleeni kufanya hivyo. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu bandia Juni 2016 na makopo, yaani hizo bandia, bado yapo mitaani. Lakini jibu la 15090 linakutajia simu ni ya kampuni gani na toleo gani, basi. Halikwambii kama inadaiwa. Simu ya mkopo ni halisi kabisa, IMEI yake ni safi, kwa hiyo mtihani huo inaufaulu bila jasho. Mawinga wameshalijua hilo. Siku hizi wao ndio wanakuhimiza: "Dada, piga nyota reli sifuri sita reli, hakiki mwenyewe." Ukiona jina limelingana, roho inatulia, unahesabu hela.

Kipimo ninachokiamini ni kuiriseti simu mbele ya macho yako kabla hujatoa hata shilingi. Iwe na laini yako yenye bando, au iunganishe na simu ya mwenzako. Ingia kwenye mipangilio, futa kila kitu, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ikiwaka upya, iunganishe na intaneti na usikubali kuruka hatua hiyo, maana ukiruka umeharibu kipimo chote. Ikidai akaunti ya Google iliyokuwemo mwanzo na muuzaji hana nywila yake, jua si yake. Ikiandika kwamba inasimamiwa na kampuni au taasisi fulani, ina mwenyewe. iPhone ikidai nywila ya Apple ya mmiliki, mrudishie na uondoke. Ni muda wa kunywa chai na chapati mbili, si zaidi. Na ikimaliza, subiri kidogo ikiwa na data, usiichomoe hewani haraka.

Atakataa, nakuambieni mapema. Atasema chaji ndogo, atasema kuna mteja mwingine yuko njiani, na kauli wanayoipenda kuliko zote: "Ukiriseti utafuta programu nilizokuwekea bure." Hizo programu ndizo haswa unatakiwa uzifute! Nimeshafungua simu za namna hiyo. Unakuta WhatsApp isiyo rasmi ambayo inaweza kusababisha namba yako izuiwe, programu za mikopo ya mtandaoni zisizojulikana zilikotoka, na juu ya yote akaunti ya Google ya muuzaji bado imo. Akaunti yake ikibaki, picha zako zinaweza kwenda kuhifadhiwa kwake, na anaweza kuona simu ilipo au kuifuta kila kitu akiwa amekaa kwake. Mtu umenunua simu, yeye kabaki na funguo.

Boksi lisikupumbaze, maboksi matupu yanauzwa. Angalia kama IMEI ya kwenye boksi ni ileile inayotokea kwenye kioo. Kuhusu ile RAM 16 (kumbukumbu ya kuendeshea programu) wanayoitangaza kwa sauti, mara nyingi ni 8 halisi na 8 iliyoazimwa kwenye nafasi ya kuhifadhia mafaili. Hilo hata makampuni yenyewe huliandika kwa herufi ndogo, simlaumu winga peke yake, ila usilipie hiyo nane ya pili. Mimi binafsi, mwenye laki mbili akiniuliza, namwambia achukue simu mpya ya kawaida dukani, yenye risiti na garantii, aachane na "toleo kubwa" la mkononi. Hapa Mwanjelwa kuna wauza mitumba waaminifu, wana fremu zao, wanakuandikia risiti yenye IMEI na ikizingua unajua pa kurudi. Kwa muuzaji asiye na duka, mwambie mkaandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenye simu halali ataguna lakini atakuja.

Kwa ambao yameshawakuta. Usitoe hela nyingine kwa fundi anayekuahidi kuifungua "moja kwa moja". Nasema hivyo huku nikiachia hela, maana ndiyo kazi inayoombwa zaidi kibandani kwangu. Itafunguka, utafurahi, halafu itafunga tena. Akikwambia atabadilisha IMEI, kimbia, hilo ni kosa kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 na utajikuta uko kwenye kesi pamoja naye. Piga ile namba iliyo kwenye kioo, eleza ulivyoipata. Kisha nenda polisi wewe mwenyewe, mapema, ukiwa na ujumbe wa muamala na namba aliyokupigia. Simu ikiwa ya wizi, ni heri uwe mlalamikaji kuliko kufuatwa nyumbani. Kama aliwahi kukutapeli kwa ujumbe au kupiga, namba yake itume pia kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Na wale ambao winga "aliwasaidia" kusajili laini palepale, akasema kidole hakijasoma, weka tena, huenda kidole cha pili kilisajili laini nyingine kwa jina lako: piga *106# leo hii uone laini zilizo chini ya kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho chako waifute.