Victorinox Classic SD au Leatherman Micra: ipi ikae kwenye funguo?

Kwa mkazi wa mjini anayetaka zana ndogo ya kukunjwa, yenye kisu na mkasi, ya kukaa na funguo zake kutwa nzima, uzito ndio wa kupimwa kwanza. Victorinox Classic SD ya Uswisi ina urefu wa milimita 58 na uzito wa gramu 21 hivi, ilhali Leatherman Micra ya Marekani, iliyoundwa kwa chuma cha pua, hufikia gramu 51, na tofauti hiyo huihisi mara tu uvaapo suruali ya kitambaa chepesi.

Hata hivyo, mjini mkasi hutumika kuliko kisu, na hapo Micra inashinda waziwazi: mishikio yake miwili hufunguka ikawa mkasi kamili wenye springi, unaojaa mkononi na kukata kamba ya nailoni ya kifurushi kwa mara moja, ilhali ule wa Classic hushikwa kwa ncha za vidole na hufaa zaidi uzi na kucha. Micra inaongeza kifungua chupa.

Kwa muuza duka afunguaye maboksi kila siku, ningechagua Micra. Kwa wengine wengi, Classic inatosha kabisa. Siku ya kusafiri kwa ndege, yoyote kati ya hizo isiingie kwenye mkoba wa mkononi, kwani zote zina kisu.