"Ticha, mpira wako ndio una ugomvi": uzoefu wangu na sensa ya HC-SR04

Nilikaa kuandika haya nikiwa na hasira, na sijui kama itakuwa imeisha nikifika mwisho.

Sensa yenyewe (siyo ile ya watu na makazi, hii ni kidude chenye macho mawili kinachopima umbali) niliinunua kwenye duka la vifaa vya simu na umeme hapa Mtwara mjini, si mbali na Soko Kuu. Jina la duka nalimeza. Ni HC-SR04, ile ya bei rahisi ambayo kila anayejifunza roboti anaanza nayo. Imetoka Kariakoo kwa basi, kama vitu vyetu vingine.

Kazi yake ilikuwa ndogo. Klabu yetu ya shule ilikuwa inajiandaa na mashindano, na roboti inatakiwa idake mipira ya tenisi inayoviringika kutoka kwenye ubao ulioinamishwa. Dereva akibonyeza kitufe kwa mkono anachelewa. Mlango wa mdomo wa roboti unajifunga mpira ukiwa ushapita. Tukasema sensa ikae mdomoni mwa roboti, ikiona mpira mlango ujifunge wenyewe.

Mezani nikaweka daftari mbele yake, ikasoma sentimita 20. Kiganja: 20. Nikaweka mpira: 19, 143, sifuri, 22, sifuri. Mpira uko palepale, haujasogea hata unywele! Na tulipouviringisha ikawa aibu zaidi, roboti nzima inaganda, magurudumu kimya, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Wanafunzi wananitazama mimi.

Jumamosi moja nikarudi dukani, sensa mkononi, mpira mfukoni. Kijana wa kaunta anatafuna korosho. Hakunisalimu. Huku kwetu hata anayekuja kudai deni huanza na salamu, yeye akanyoosha mkono tu kama kondakta. Akaichomeka kwenye Arduino yake (kile kibao kidogo cha kompyuta kinachosoma sensa), akaielekeza ukutani. Ikasoma vizuri.

"Si hiyo inasoma?"

Nikatoa mpira. Hata kuugusa hakuugusa.

"Ticha, sensa haina ugomvi. Mpira wako ndio una ugomvi."

Wateja wawili wakacheka. Nikaomba hela yangu, akanionyesha kwa kidevu karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Halafu akaongeza, kama anayenisaidia, "Au labda joto. Mtwara joto, ticha."

Joto! Mimi nafundisha fizikia. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, na kwenye nyuzi 33 za hapa kwetu ni kama 351. Kwa umbali wa sentimita 20 tofauti hiyo haifiki hata nusu sentimita. Hesabu hiyo niliipiga kichwani nikiwa juu ya bodaboda, nimevimba, najibu maneno ambayo nilipaswa kuyajibu dukani.

Nilikuwa nimeshaamua kuipa nyota moja na kuwaambia walimu wenzangu wa Lindi wasijaribu. Shida ni kwamba usiku ule, nikisahihisha madaftari ya mawimbi, niliona swali nililolitunga mwenyewe: kwa nini ukuta bapa hurudisha mwangwi vizuri? Kalamu ikasimama. Sensa ile inapiga sauti tusiyoisikia, kama popo, kisha inasubiri mwangwi. Mpira ni mviringo, unaitupa sauti pembeni. Tena wa tenisi una manyoya, nayo yanameza sehemu ya sauti. Yaani kijana alikuwa sahihi. Sikufurahi hata kidogo kulijua hilo.

Kuganda nako kulikuwa kosa letu, kwenye programu. Amri tuliyotumia kusoma mwangwi, ukiiacha bila kikomo, inaweza kungoja hadi sekunde nzima. Tuliiwekea kikomo cha maikrosekunde 3,000, zinazotosha sauti kwenda kama nusu mita na kurudi, na roboti ikaacha kuduwaa.

Aliyetutoa hasa ni binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye kawaida hushika bisibisi tu. "Mwalimu, kwa nini tunautafuta mpira? Tuutafute ubao." Tukafunga kipande cha plaiwudi upande wa pili wa mdomo, kikitazamana na sensa, sentimita 18. Mdomo ukiwa mtupu inasoma 18, ikikosea kwa sentimita moja tunaisamehe. Mpira ukikatiza, inasoma upuuzi wowote, hata sifuri, na upuuzi huo ndio mpira wenyewe. Ikisoma vibaya mara mbili mfululizo, mlango unajifunga. Kile kilichonipandisha presha dukani ndicho tunachokitegemea sasa.

Mashindano hatukushinda, ila si kwa sababu ya mdomo. Mipira tuliidaka mpaka watu wakasogea kuangalia.

Basi sensa naipa nyota nne. Tatu na nusu, maana hakuna anayekuambia haya unapoinunua. Duka nilitaka kulipa nyota sifuri, lakini wiki iliyopita nimerudi palepale kuchukua mbili za roboti ya pili (ukizifunga jirani zipige kwa zamu, la sivyo moja itasikia mwangwi wa mwenzake). Kijana akanitambua.

"Ticha, mpira umetulia?"

Nikalipa. Salamu bado hajanipa.