Tathmini ya "The Chicken Roaster" kutoka upande wa jiko

Mimi nauza kuku wa kubanika Tabata, kwa hiyo tusidanganyane: ninayoandika hapa yanaegemea upande wa jiko. Seinfeld ni kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, na sehemu yake iitwayo "The Chicken Roaster" inahusu ugomvi wa mtu na hoteli ya kuku inayomnyima usingizi. Kila ninapomsikia mtu akiisimulia, husimulia kwa niaba ya aliyekosa usingizi. Mwenye kuku hana wa kumsemea. Nitamsemea mimi.

Kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani kiliirusha tarehe 14 Novemba 1996, ikiwa ya nane katika msimu wa nane. Walioiandika ni Alec Berg na Jeff Schaffer, aliyeiongoza ni Andy Ackerman. Mpwa wangu aliniwekea Netflix kwenye simu, nikaitazama pembeni ya jiko nikisubiri mkaa ukolee. Haifiki nusu saa, na kwa ugomvi wa majirani muda huo unatosha na kubaki.

Mambo yanatokea New York, kwenye jengo la ghorofa. Jerry, mhusika mkuu anayechezwa na Jerry Seinfeld, na jirani yake Kramer wanakaa milango inayotazamana. Kramer, anayechezwa na Michael Richards, hajui hodi. Kipindi kizima, tangu 1989 hadi 1998, mlango wa Jerry unafunguka kwa kishindo, Kramer anaingia akiteleza, moja kwa moja kwenye friji. Jerry keshazoea. Safari hii usumbufu unamfuata Kramer kwake. Ng'ambo ya barabara imefunguliwa hoteli ya kuku, Kenny Rogers Roasters, na bango lake la taa nyekundu linamulika dirishani mwake. Usiku chumba chote kinakuwa chekundu kama ndani ya jiko. Usingizi hakuna. Macho yanamvurugika mpaka anamimina juisi ya nyanya akidhani ni maziwa.

Basi anatangaza vita. Anatundika kitambaa dirishani kwamba kuku hao ni wabaya, na anawapigia kelele wapita njia kuwa watadhurika. Watu walioketi ukumbini wanacheka sana hapo. Mimi nilisimamisha picha. Mtu wa biashara ya chakula akiona mwenzake anatangaziwa barabarani kwamba chakula chake kinadhuru, hacheki upesi. Bango la taa mnaweza kukaa mkazungumza, likazimwa saa tano usiku, yakaisha. Lakini likishatoka neno kwamba kuku wa pale wanaharibu tumbo, utalizimia wapi? Huku kwetu jirani angeanza kwa mjumbe, akapanda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kama bado ana kinyongo ndipo amlete Bwana Afya. Kramer anaruka ngazi zote hizo. Na kinachoniudhi kuliko vyote, hajaonja.

Waandishi walilijua hilo, na ndipo ufundi wao ulipo.

Kwanza wanamfunga Jerry. Mwanzoni alikutana na Seth, rafiki yake wa chuo, akambembeleza aache kikao cha kazini waende wakale mchana pamoja. Seth akafukuzwa kazi. Kazi aliyopata baada ya hapo ni umeneja msaidizi wa hoteli hiyohiyo ya kuku. Kwa hiyo Kramer akifaulu kuifunga, Seth atakuwa amepoteza kazi mbili kwa mkono wa watu wa ghorofa moja. Jerry hana ubavu wa kulibeba hilo, anatoa suluhu: wabadilishane nyumba. Yeye alale kwenye wekundu, Kramer alale kwake.

Hapa mtu asome kidogo uigizaji. Nyumba ya Kramer inamfanyia Jerry kazi yake: mbao zinalia, kuna mwanasesere aitwaye Mr. Marbles anayemtia hofu, na ile taa haizimi. Baada ya kukosa usingizi anaanza kuingia kwa kishindo kwenye mlango ambao ni wake mwenyewe, macho yamemtoka, maneno yanamwagika bila mpangilio. Kramer naye amekaa kwenye kochi la Jerry, ametulia, analalamikia mambo madogomadogo kwa sauti ya Jerry kabisa. Wamekwisha kuwa kila mtu mwenzake, na hakuna mhusika anayesimama kukueleza hivyo. Unaona kwa mabega yao. Jerry Seinfeld si mwigizaji mkubwa, mwenyewe nadhani hawezi kubisha, lakini hapa anamwiga Richards vizuri kuliko nilivyotegemea.

Sasa kuku wenyewe. Hoteli hiyo haikutungwa kwa ajili ya kipindi. Kenny Rogers ni yuleyule mwimbaji wa muziki wa kantri ambaye nyimbo zake zimepigwa sana kwenye redio za huku kwetu. Mwaka 1991 alianzisha hoteli hizo pamoja na John Y. Brown, aliyewahi kuwa gavana wa Kentucky. Huyo Brown hakuwa mgeni wa kuku: mwaka 1964, yeye na mwenzake, walinunua KFC, kampuni ya kuku wa kukaanga, kutoka kwa mwanzilishi wake Kanali Sanders kwa dola milioni 2. Akageuka kushindana na mtoto aliyemlea. Silaha yao ilikuwa kuku asiyekaangwa kwenye mafuta, anayezungushwa polepole mbele ya moto wa kuni.

Kramer anapokuja kukiri kwamba kuku hao anawapenda, anasema siri iko kwenye kuni. Mstari huo niliurudia mara mbili, maana ni kweli. Kuku anayezungushwa anajipaka mafuta yake mwenyewe. Hayadondoki yote, yanazunguka naye, ngozi inakauka huku nyama inabaki na maji. Mimi natumia mkaa na wavu, sina mashine ya kuzungusha, kwa hiyo inanibidi nigeuze kwa mkono na nipake ndimu na mafuta kila anapoanza kukauka. Moshi unaotoka mafuta yanapogusa moto ndio tangazo langu la kweli. Sijawahi kuweka taa ya rangi, wala sioni sababu. Hoteli ya kwenye kipindi ilikuwa na vyote viwili, taa na moshi, na waandishi walijua kipi kinamfukuza Kramer na kipi kinamvuta.

Anavutwaje? Newman, mtu wa posta anayechezwa na Wayne Knight, anaonekana na Jerry akinunua kuku wengi mno, na brokoli. Kuku sawa. Brokoli ndiyo inayomchongea, kwani Newman na mboga ya majani ni mbalimbali. Jerry anamlazimisha aile palepale. Anatafuna, anaitema, anaitukana mboga hiyo kama imemkosea wazazi, halafu analilia haradali ya asali ya kusuuzia mdomo. Kumbe chakula si chake peke yake. Kinakwenda kwa Kramer, yule mwenye kitambaa dirishani, ambaye sasa anakula kwa kujificha na hawezi tena kujizuia.

Nilicheka peke yangu mpaka mteja akauliza kulikoni. Mtu wa nyumba ya pili kutoka kibandani kwangu aliwahi kunishtaki kwa mjumbe kwamba moshi wangu unaingia kwenye nguo anazoanika. Alikuwa na haki yake, tukahamisha jiko upande wa pili wa mwarobaini. Lakini wiki hiyohiyo ya mashtaka mwanawe alikuwa anakuja jioni: robo, kidari, pilipili pembeni, na baba kasema usiseme. Sikusema. Kachumbari nilimwongezea. Sasa nikimwona Newman na mfuko wake, namwona yule mtoto, isipokuwa mtoto hakuwa na brokoli ya kumuumbua.

Ndiyo maana naiweka sehemu hii juu ya maigizo mengi ya ugomvi wa majirani. Mengi humaliza kwa wagombanao kupatanishwa, mkono kwa mkono, mzee mmoja akisema maneno ya hekima. Hapa hakuna aliyepatanishwa. Kramer habadili msimamo wake kuhusu taa hata kidogo. Tumbo lake ndilo limehamia upande wa pili, na yeye mwenyewe anaona aibu. Malalamiko na ulafi vinakaa ndani ya mtu mmoja, usiku mmoja. Mimi nimewahudumia watu wa namna hiyo miaka mingi.

Upande wa Elaine na George, marafiki wa Jerry, sikuupenda hivyo. Elaine (Julia Louis-Dreyfus) ameachiwa aiongoze kampuni ya nguo ya bosi wake, Bwana Peterman, na kwa pesa za kampuni anamnunulia George kofia ya manyoya ya bei ya dola 8,000 ili George amvutie binti wa dukani. George naye anaiacha nyumbani kwa binti huyo makusudi, apate kisingizio cha kurudi, na kofia inapotea. Hila yenyewe ni nzuri, George ana akili ya mitego isiyomnasa mwingine ila yeye. Lakini inamlazimu Elaine kusafiri hadi Burma, ambayo leo ni Myanmar, kumwomba Peterman aidhinishe gharama. Anamkuta kibandani gizani, akizungumza kwa sauti nzito ya mtu aliyepotelea porini. John O'Hurley, anayemcheza Peterman, anaifurahia nafasi hiyo. Nchi yenyewe lakini ni giza na kibanda tu, mahali pa Mzungu kuchanganyikiwa. Sisi tulioona Afrika ikipigwa picha za namna hiyo tunaijua harufu yake.

Kinachoiokoa kidogo ni kofia ya pili. Elaine anabeba kofia ya bei rahisi akijaribu kuipitisha kwa ile ya ghali, na Peterman anaitambua mara moja: ni manyoya ya mnyama wa jamii ya panya. Kofia hiyo ndiyo inayorudi kuunganisha visa vyote viwili, inaishia ndani ya hoteli ya kuku, na manyoya ya panya yakishakutana na chakula, hoteli imekwisha. Kitambaa cha Kramer kilishindwa, kofia ikaweza. Kama fundi wa hadithi nasema wamefunga vizuri. Kama muuza kuku nasema Seth hakustahili. Alikula chakula kimoja cha mchana na rafiki, akalipa kwa kazi mbili, na kipindi kinampita kama kiti.

Hoteli za kweli hazikufa kwa kofia. Kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya wafilisika mwaka 1998, mwaka uleule Seinfeld ilipofunga pazia. Baadaye jina lilinunuliwa na kampuni ya Berjaya ya Malaysia, na hadi leo wanaokula kuku wa Kenny Rogers ni watu wa Malaysia na Ufilipino kuliko Wamarekani. Mwimbaji mwenyewe alifariki 2020.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda Burma na kofia. Mjue pia kwamba Netflix wameikata picha juu na chini ili ijae kwenye televisheni pana za siku hizi, wakati ilipigwa kwa umbo la televisheni za zamani. Mwenye DVD za msimu wa nane atazame hizo. Na tafsiri ya Kiswahili chini ya picha sikuiona, kwa hiyo mpwa wangu alinitafsiria huku anakula mapaja yangu mawili bila kulipa.