Dawa ya sisimizi uani: ya kupulizia au ya chambo?

Nimezitumia katika ua mmoja dawa mbili za sisimizi ambazo hupatikana kwa urahisi kwenye maduka ya pembejeo hapa Tanga, na ninaiona ile ya chambo kuwa bora kwa mbali kuliko ile ya kupulizia, ingawa ina sharti moja ambalo wauzaji wengi hawalitaji.

Ya kupulizia ni ile yenye deltamethrini, jamii ya sumu zilizotengenezwa kwa kuiga kiini cha maua ya pareto, zao linalolimwa Iringa na Mbeya. Huchanganywa na maji, hupigwa kwa bomba, na matokeo yake huonekana papo hapo, kwani msafara mzima hulala kando ya ukuta na mwenye nyumba akaridhika. Lakini waliokufa ni watafuta chakula tu. Malkia yuko chini ya sakafu ya baraza anaendelea kutaga, na kwa kuwa sumu hiyo huwakera, waliobaki hubadili njia, hata wiki haijaisha utawakuta wakitokea upande wa choo.

Chambo ni jeli tamu yenye fipronili, inayouzwa ndani ya bomba la sindano. Nguvu yake ni kuchelewa kuua: sisimizi hushiba, hurudi kiotani na kuwalisha wenzake kwa mdomo, mpaka sumu imfikie malkia na mabuu. Tone moja la ukubwa wa punje ya mtama linatosha, likiwekwa kando ya njia yao bila kuwafagia. Siku ya kwanza hulizunguka kwa msongamano, vichwa vyote vikielekea ndani, na asiyejua atadhani ameuziwa chakula chao. Baada ya siku mbili tatu msafara hupungua, kisha hukatika. Ukipulizia dawa nyingine juu ya njia hiyo hiyo umeiharibu kazi yote, kwa sababu watalisusa tone.

Sharti lenyewe ni kuku. Fipronili ni sumu kali kwa ndege wa jamii hiyo na kwa nyuki, na ndiyo iliyofanya mamilioni ya mayai yaondolewe sokoni Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani mwaka 2017, baada ya kutumiwa mabandani dhidi ya utitiri. Kwa hiyo tone lisiachwe wazi uani, bali liingizwe ndani ya ufa ambamo mdomo wa kuku haufiki.

Siafu ni habari nyingine, maana huwinda na kuhamahama, na jeli tamu haiwashughulishi. Maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani kuwa viota minazini, usiwaguse kabisa, kwani ndio wanaomfukuza kunguni wa minazi anayeangusha nazi changa.

Kabla ya kulipa, soma kwenye lebo jina la kiambato, kiwango chake na namba ya usajili wa TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Duka moja lilitaka kunimiminia dawa ya kupulizia katika chupa ya soda isiyo na maandishi yoyote, nami nikakataa kuipokea.