Zimamoto walizima moto wetu vizuri, lakini lile neno kwa mwanangu sijalimeza

Nilitaka kuandika siku ileile, mdogo wangu akanisihi nisubiri hasira ipoe. Nimesubiri. Haijapoa.

Juzi nimepita kwenye kituo cha zimamoto kinachotuhudumia, nikakuta wamebandika ubaoni taarifa yao ya mwezi. Huwa wanafanya hivyo kila mwezi: miito waliyoitikia, mabomba ya barabarani waliyokagua, shule walizokwenda kufundisha, mtu aliyenasa kwenye lifti, pete iliyovimbiwa kidoleni ikakatwa. Hata simu za uongo zina safu yake. Nikasoma taratibu mpaka nikafika kwenye mstari wetu. "Moto wa jikoni. Umedhibitiwa. Hakuna aliyejeruhiwa."

Hakuna aliyejeruhiwa! Nilibaki nimesimama pale nikiusoma mstari ule tena na tena. Waje wamwone mtoto ambaye wiki nzima hakukanyaga jikoni, hata maji ya kunywa akawa anaomba aletewe.

Ilikuwaje. Niliacha mafuta jikoni nikatoka mara moja kuanua nguo, maana mvua ilikuwa inanyemelea. Hilo ni kosa langu na silikwepi. Kikaango kikashika moto. Mwanangu ana miaka 12, na tangu utotoni anajua kitu kimoja tu kuhusu moto, kwamba unazimwa kwa maji. Akachota kikombe akamwaga. Nilisikia mlio kama shuka linachanwa, nikageuka, dirisha zima limejaa moto. Mungu ni mwema, alimwagia kwa mbali na akakimbia. Nywele za mbele tu ndizo zilizobabuka. Nilimvuta nje, na katika kutoka nikaufunga mlango wa jikoni bila hata kufikiri. Baadaye niliambiwa mlango ule ndio ulioniokolea vyumba vingine, kwa sababu uliuzuia moshi na kuunyima moto hewa.

Dada aliyepokea simu nampa haki yake. Aliuliza ni wapi, kinaungua nini, kuna mtu amebaki ndani, kuna mtungi wa gesi. Hakupandisha sauti, na hakukata simu mpaka nilipomwambia nasikia king'ora.

Walifika upesi. Wawili wakajifunga mitungi ya hewa mgongoni, wakapiga magoti mlangoni na kuingia wakitambaa, kwa kuwa moshi hupanda juu na hewa kidogo iliyobaki huwa chini sakafuni. Mara mpira ukalegea. Maji yaliyokuwa yakitoka kwa kishindo yakawa ya kudonadona. Majirani wakaanza, "Wamekuja bila maji! Hawa siku zote wanakuja bila maji!" Nami nikapiga kelele pamoja nao, tena pengine kuwazidi. Mwendesha pampu hakugeuka hata kututazama. Wenzake walikuwa wanakimbiza mpira mwingine kwenda kwenye bomba la barabarani, ukaungwa, maji yakarudi, moto ukaisha.

Lililofuata ndilo lililonifanya niandike.

Askari mmoja kijana akatoka ndani, kofia kwapani, uso mweusi kwa masizi, mkononi ameshika kikaango changu ambacho mpini wake ulikuwa umeyeyuka na kuning'inia. Akauliza kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Nani kamwaga maji kwenye mafuta?" Mwanangu akanyoosha mkono, kama afanyavyo darasani. Yule kijana akamtazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Kumbe wewe ndiye uliyechoma nyumba ya mama yako."

Kuna watu walicheka.

Mtoto hakulia. Hakuushusha mkono pia. Ulibaki juu vilevile, vidole vimekunjika kidogo, mpaka nikaushika na kuushusha mimi. Usiku ule aliniuliza tutahamia wapi. Nilimwambia nyumba ipo, ni jiko tu. Akauliza tena.

Kwa hiyo nikaandika barua, kurasa mbili. Kituo kina Jumamosi moja ya kila mwezi ya kukaribisha wananchi, nikasema hiyohiyo ndiyo siku yangu. Nikamchukua mtoto, hakutaka, nikamchukua hivyohivyo. Nilikwenda kugombana, nisiseme uongo.

Mkuu wa zamu aliipokea barua akaisoma yote akiwa amesimama, kisha akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati. "Mama, baki kwanza uone kitu, halafu tuongee."

Waliweka kikaango cha mafuta uwanjani, wakakiacha mpaka kikawaka chenyewe. Askari aliyevaa vazi kamili la kazi, kofia na kioo chake, akachukua kikombe cha maji kilichofungwa kwenye ncha ya fito ndefu, akarudi nyuma hatua kadhaa, akamimina. Moto uliruka juu ukampita yeye kwa urefu. Watu wote tulirudi nyuma. Mkuu akaeleza: maji huchemka kwenye nyuzi 100, na mafuta yanayowaka yameshapita 300. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama, yanageuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji ikiwa mvuke inajitanua kufika kama lita 1,700. Mvuke huo ndio unaoyarusha mafuta hewani yakiwa yanawaka. Kisha wakawasha kikaango cha pili. Safari hii askari alitelezesha mfuniko juu yake kutokea upande wake, akazima jiko, akaondoka. Kimya. Mfuniko usiguswe mpaka kikaango kipoe kabisa, alisema, kwani ukiufunua mapema moto unarudi.

Mwanangu akaninong'oneza, "Mama, hata yeye kasimama mbali."

Nikamuuliza mkuu na habari ya maji. Gari lile linabeba lita 3,000. Mpira mmoja ukifunguliwa sawasawa unakunywa lita mia kadhaa kwa dakika moja, hivyo hata likija limejaa, hayo ni maji ya dakika chache. Siku yetu mwendesha pampu aliyabana kwa makusudi, kwa sababu wenzake wawili walikuwa bado ndani na maji ya mwisho ni ya kuwatolea watu. Kisha akanisimulia habari za Linton, huko Australia, Desemba 1998: wazimamoto 5 wa kujitolea wakiwa njiani kwenda kujaza maji, upepo ukageuka, moto wa msituni ukawakuta na gari lao. Wote walikufa. Kifo chao ndicho kilichozaa Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto, 4 Mei. Aliyasema hayo bila kunisuta. Mimi ndiye niliyejisuta, na lile la "bila maji" nalirudisha hapa hadharani. Nilimpigia kelele mtu aliyekuwa analinda roho za wenzake.

Hapo nilikuwa karibu kuichana barua yangu. Kisha nikamwona yule kijana.

Alikuwa nyuma ya gari anasafisha mipira, wengine wakiivuta kuitundika juu mnarani ikauke. Nikamfuata nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema, "Mama, nilikuwa nimetoka kwenye moshi, kwa kweli sikumbuki nilisema nini. Samahani kama niliudhi."

Hakumbuki! Sisi nyumbani tunalikumbuka herufi kwa herufi, na yeye hakumbuki. Na hiyo "kama" imeingiaje kwenye samahani? Damu ilinichemka upya. Ndiyo, najua alikuwa ametoka kwenye joto ambalo mimi nisingelistahimili hata dakika moja. Najua aliingia kwangu akitambaa. Hayo yote nayakubali na namshukuru. Lakini mtoto aliyesimama mbele yake alikuwa ameponea chupuchupu, na hakuhitaji hakimu.

Mtu akiniuliza leo, nitamwambia piga simu zimamoto, tena piga mapema, usijaribu ushujaa. Wanaijua kazi yao kuliko tunavyowasema mitaani. Wiki iliyopita ningewapa sifuri. Leo siwezi, na alama zote pia siwapi, mpaka huyo kijana aongee na mwanangu mwenyewe, bila "kama." Mkuu wa zamu ameahidi kulizungumza na zamu nzima.

Jana jioni nilipotaka kuwasha jiko, mtoto alikuja akasimama kizingitini. Akaingia, akafungua kabati, akatoa mfuniko mkubwa, akaupima juu ya kikaango kama unaenea, akauweka pembeni karibu na mkono wangu. Akatoka bila kusema kitu.

Jumamosi ya mwezi ujao anataka turudi. Nitampeleka, na nakala ya barua itakuwa mkobani.