Mvinyo wa Mosel: chupa ipi ununue kwanza

Bonde la Mosel, Ujerumani, liko karibu na nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta, na huko zabibu huiva kwa taabu. Mizabibu bora imepandwa kwenye miteremko inayopokea jua la kusini, mingine mikali hata trekta haipandi. Mteremko wa Calmont, pale kijijini Bremm, una sehemu zilizoinama kwa nyuzi 65 hivi. Mawe ya sleti hunyonya joto la mchana na kulitoa usiku. Hata hivyo Riesling, zabibu kuu ya huko, mara nyingi husubiri hadi Oktoba. Kukawia huko kwenye baridi huliacha tunda na uchachu mkali, na uchachu huo ndio unaoulipia. Ndiyo maana nimezipanga chupa hivi.

Kwanza Kabinett, daraja la mvinyo mwepesi. Kilevi asilimia 8 au 9 tu, kwa kuwa mvinyo umezuiwa usiendelee kuchacha kabla sukari yote haijageuka. Utamu uliobaki usikutishe: uchachu unaufukuza mdomoni, na unaachiwa ladha ya ndimu na tofaa bichi. Kwa samaki wa kupaka mwenye pilipili sijui mvinyo unaoushinda. Ila angalia mwaka. 2018 ulikuwa wa joto, zabibu zikashiba sukari, na Kabinett nyingi zikawa nzito kuliko jina lake. 2021 ulikuwa wa baridi. Ukiukuta dukani, chukua huo.

Spätlese ni ya pili. Zabibu zake huvunwa zikiwa zimeiva zaidi, utamu unaongezeka, bei nayo inapanda. Chupa nzuri hukaa miaka 10 na zaidi bila kuharibika, basi inunue kama una pahali pa baridi pa kuiweka.

Tatu ni mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, wenye neno trocken kwenye lebo. Zamani uchachu wake ulitia ganzi meno. Miaka ya joto imeulainisha. Ni mzuri, lakini mvinyo mweupe mkavu utaupata kwingine pia.

Eiswein naiweka mwisho, na wapenzi wake wanisamehe. Sheria inataka zabibu zivunwe zikiwa zimeganda, nyuzi 7 chini ya sifuri au baridi zaidi, na majira ya baridi ya siku hizi hayaaminiki: mavuno ya 2019 yalishindikana karibu Ujerumani nzima. Bei yake ni ya zawadi ya harusi.

Kabla hujalipa, soma lebo. Spätlese yenye asilimia 12 kwa kawaida ni kavu, hata kama muuzaji anaapa ni tamu. Piesporter Goldtröpfchen ni shamba moja la mteremkoni. Piesporter Michelsberg ni jina la eneo pana la vijiji kadhaa, pamoja na mashamba ya tambarare. Maandishi yanafanana, ila bei ya Goldtröpfchen usiilipie Michelsberg.