Kifaa cha kuzima injini gari ya rally ikipinduka, uzoefu wangu

Swali naloulizwa sana ni hili, kama kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, tayari zinadai meni swichi ya kukata umeme wote na kuzima injini, dereva na navigeta (anayemsomea dereva njia) waifikie wakiwa wamefunga mikanda, na nje pia iwepo yenye ile alama ya radi nyekundu kwenye pembetatu ya buluu, sasa hiki kifaa cha kuizima injini chenyewe gari ikipinduka cha nini tena? Jamani, subirini mlale kwa paa kwanza. Mnaning'inia kwenye mikanda, HANS, ile kinga ya shingo, imekubana, vumbi tupu, mikono inaangukia paani na swichi uliyozoea kuibonyeza bila kuangalia hujui iko upande gani. Mi nilikuwa bado napapasa, kifaa kilishanyamazisha pampu ya mafuta zamani na injini imezima.

Wengi wanawaza moto tu, na kweli petroli ikiendelea kusukumwa kwenye paipu iliyopasuka karibu na tabo ya moto hamna mchezo. Ila mi kilichonikosha ni injini kupona, maana gari ikiwa kichwa chini oili inakimbia sampu (bakuli lake la chini ya injini) inamwagikia kwenye silinda hedi na silinda, ambazo sasa ndo ziko chini, pampu ya oili inavuta hewa, na ikiendelea kuzunguka hivyo beringi za krenki (shafti kuu ya injini) zinaisha chap. Tulipoigeuza hatukuwasha, tulichomoa plagi zote kwanza tukapiga stata, oili ikaruka mpaka kwenye boneti! Hiyo ungeiwasha na plagi zake ndani, pistoni ingegonga oili na konrodi, fimbo inayoishika pistoni, ingepinda palepale. Tukafuta, tukarudisha plagi, presha ya oili ikapanda kama kawa, moshi ulikuwa mwingi kwa muda alafu ukaisha.

Zamani nilikuwa na ile swichi ya inasha ya magari ya kawaida, ina kigololi cha chuma kimeshikwa na sumaku, kikitikiswa sana kinachomoka kinakata pampu. Shida yake inasikia kishindo tu, yani ukitua vibaya kwenye jampu inakuzimia njiani, alafu gari ikibingirika polepole kwenye tuta laini wala haina habari. Na visensa vya bei chee vya kupima mlalo navyo ni walewale, kona ukiipiga kwa nguvu ya 1 g, yani ya pembeni iliyo sawa na uzito wa gari, vinadhani gari imelala nyuzi 45 wakati matairi yote yako chini. Hiki cha sasa kina gairo ndani, sensa inayosoma gari inavyozunguka, nimekiseti juu ya nyuzi 60 na kinasubiri kidogo kabla ya kukata, na hako ka kusubiri msikadharau, maana injini ikizimwa katikati ya kona pawa stelingi inakufa na breki zinakuwa ngumu, unakuwa umejitengenezea ajali mwenyewe.

Kwenye waringi ndo pa kuwa makini. Ukikata betri peke yake injini inaweza kuendelea kunguruma kwa umeme wa altaneta, kwahiyo lazima ignisheni nayo ikatwe, na altaneta iwekewe rizista la sivyo volteji inaruka inaunguza kompyuta ya injini. Changu nimekifanya kikate pampu, injekta na ignisheni basi, taa za hazadi na intakomu nimeviacha hai, nataka nimsikie navigeta kama yuko sawa na wanaokuja nyuma watuone kabla hatujafika kuweka pembetatu mita 50 nyuma. Umeme wote nakata kwa mkono baadaye, meni swichi siitoi ng'o.

Ninacholaumu ni kitufe cha kuriseti, wamekiweka kwenye boksi lenyewe, na boksi linatakiwa kufungwa chini katikati ya gari, kwahiyo ikikata bure huwezi kuwasha mpaka mtu afungue mkanda ajikunje. Navuta waya niweke kitufe kingine kwenye dashibodi, upande wa navigeta.